Daftari la Tangi

Kila Jumatano nilipotoka shule, nilimkuta Shangazi ameshakunja mikono ya gauni lake na kutandaza magazeti chini ya tangi la samaki. Pembeni kulikuwa na ndoo mbili, taulo kuukuu na mpira mwembamba wa kunyonyea maji. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka maji yaanze kutiririka ndooni.

"Robo tu," alisema kila wiki, kana kwamba sijawahi kusikia. "Ukiondoa yote, umewahamisha nyumba. Usipoondoa kabisa, wanakunywa uchafu wao wenyewe."

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka miwili, Mama alipofariki. Tangi lilikaa sebuleni juu ya meza ya chuma aliyoiunda Baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea. Mwanzoni lilikuwa kichekesho: kokoto, jiwe moja, na samaki wawili wanaokodoleana macho. Mwaka uliofuata Shangazi akatia kigogo, ambacho kilielea wiki tatu kabla hakijakubali kuzama. Kisha yakaja majani mapana ya nyuma, majani membamba ya mbele, na vijimea vidogo alivyovifunga kwenye kigogo kwa uzi wa kushonea. Alipanda, akang'oa, akahamisha. Mmea uliokataa kona hii aliupeleka kona ile. Nilipofika darasa la sita, lilikuwa msitu mdogo ndani ya kioo, wenye samaki kumi na wanne wa mstari mwekundu, pamoja na Bwana Afya.

Bwana Afya alikuwa kambale mdogo, hazidi kidole changu cha kati, mwenye sharubu fupi. Kutwa nzima alipita chini akipekua kokoto. Shangazi alimpa jina hilo kwa sababu alikagua kila pembe na hakuridhika na hata moja.

Ofisini kwao Shangazi alikuwa mtunza mafaili, na mtu wa mafaili hapumziki hata akirudi nyumbani. Kwetu hata chupa ya dawa ya kikohozi iliandikwa tarehe ya kufunguliwa. Tangi nalo lilikuwa na daftari lake, lenye jalada gumu jeusi: maji yaliyobadilishwa, saa za taa, majani yaliyokatwa, nani amekula na nani amenuna. Yeye alisema, mimi niliandika. Ndiyo maana aliniita Karani. Darasani nilikuwa mmoja kati ya watoto hamsini na wawili, lakini mbele ya lile tangi nilikuwa Karani, na nililipenda jina hilo kuliko jina langu.

Mwaka huo Shangazi alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi tatu tu za mlangoni. Miguu ikavimba. Daktari alimwambia Baba kwamba moyo wake umechoka, na kwamba lazima alazwe, pengine kwa muda mrefu.

Asubuhi ya kuondoka aliniita mbele ya tangi, akanikabidhi daftari.

"Nitakuwa mbali," alisema. "Macho yangu yatakuwa haya," akaligonga jalada kwa kidole. "Kila Jumamosi uniletee nisome. Sawa, Karani?"

"Sawa, Shangazi."

Jumatano mbili za kwanza nilifanya kila kitu alivyonifundisha. Ya tatu ikaangukia siku ya kuchagua timu ya netiboli ya shule. Kapteni wetu alikuwa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja. Tulimwita Kipenga, kwa sababu hakujua kuzungumza polepole.

"Leo siwezi kubaki," nilimwambia. "Ni siku ya maji ya samaki."

"Samaki si wanaishi majini?" Kipenga alishangaa. "Sasa unawapelekea maji gani tena?"

"Ni lazima yabadilishwe. Halafu Shangazi atasoma kwenye daftari."

"Kwani huna kalamu? Andika tu umebadilisha. Samaki watakusemea?"

Wote uwanjani walicheka, nami nikacheka. Nilibaki kucheza. Niliporudi nyumbani nimechoka tiki, niliandika: *Jumatano. Maji robo yamebadilishwa. Wote wazima.* Naona aibu kusema kwamba mkono haukutetemeka hata kidogo. Jumatano iliyofuata niliandika hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Uongo wa kwanza niliufikiria kwanza. Wa tatu niliunakili tu.

Jambo moja niliandika kwa ukweli, kwa kuwa liliniogopesha: majani mapana ya nyuma yalikuwa yanageuka manjano.

Jumamosi hiyo Shangazi aliegemea mito mitatu, akavaa miwani na kulisoma daftari polepole, kama alivyokuwa akisoma faili la mkurugenzi. Baba alikaa kando ya kitanda akimmenyea chungwa.

"Maji robo, kila wiki, bila kukosa," alisema. "Vizuri sana. Lakini majani yana rangi ya njano." Alifumba macho akiwaza. "Maji safi, majani ya manjano. Basi yana njaa. Kwenye kabati la chini kuna vidonge vya mbolea. Chomeka vitatu kwenye kokoto karibu na mizizi. Na taa iwake saa kumi kwa siku badala ya saa saba."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba maji hayakuwa safi. Nilikuwa karibu kabisa.

"Nani kama Karani wangu?" Shangazi alimwambia Baba.

Nikaufunga mdomo.

Nyumbani nilitii agizo kwa haraka, nikidhani utii wa siku hiyo ungefuta uvivu wa wiki zile. Nilichomeka vidonge. Niliongeza saa za taa. Baada ya siku nne maji yakaanza kuwa ya kijani, na siku ya saba sikuweza tena kuona kigogo. Utando mzito ulifunika majani yote. Daftarini bado niliandika yale yale: wote wazima.

"Mbona limekuwa hivi?" Baba aliuliza akiwa anatafuta viatu vyake.

"Shangazi ameagiza mbolea," nilijibu. Ulikuwa ukweli, na niliutumia kufichia uongo. Baba alikuwa anawahi kazini, akaridhika.

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda shule, niliwakuta samaki wa mstari mwekundu wote juu kabisa ya maji, wanne wakihema kwa midomo wazi. Kumi walikuwa hawahemi tena. Niliingiza mkono katika ule ukijani nikapapasa chini ya kigogo, mahali alipopenda kupumzika Bwana Afya. Nilimpata. Sharubu zake zilikuwa zimelala. Nilimkausha kwa taulo, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, nikamzika pamoja na wenzake nyuma ya nyumba, nikaenda shule na sikusikia hata neno moja la mwalimu.

Jumatano niliandika: *Bwana Afya anakagua kama kawaida.*

Jumamosi Shangazi alikuwa amedhoofika zaidi. Baba alitoka kwenda kununua dawa, tukabaki wawili. Kabla hajafungua daftari, akaingia muuguzi mmoja mnene, mcheshi, akampima presha na joto, kisha akaandika kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda.

"Nesi, andika basi kwamba nimepona," Shangazi alimtania. "Samaki wangu wananisubiri."

Muuguzi akacheka. "Nikiandika umepona, mama, daktari atakupunguzia dawa jioni hii hii. Yeye anatibu nilichoandika mimi. Nikidanganya hapa, nitakuwa nimemtuma akuue bila yeye kujua."

Walicheka wote wawili. Mimi nilitazama ile karatasi, nikalitazama daftari mapajani pa Shangazi. Muuguzi alipotoka, sikungoja Shangazi avae miwani.

"Shangazi, nimedanganya."

"Umedanganya nini?"

"Maji. Sikubadilisha. Nilikwenda kucheza netiboli. Wiki tano sasa."

Alifungua daftari akapitisha kidole kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine.

"Bwana Afya?" aliuliza.

"Amekufa."

"Lini?"

"Jumanne."

"Hapa umeandika Jumatano anakagua."

"Ndiyo, Shangazi."

Alilifunga daftari. Aligeukia ukutani. Nilisikia magurudumu ya toroli la dawa yakipita nje, yakaenda hadi mwisho wa wodi na kurudi. Nilitamani anigombeze.

"Mbolea niliagiza mimi," alisema hatimaye, bado ameutazama ukuta. "Taa niliagiza mimi. Maji machafu yakipewa mbolea na taa huota ukijani unaowanyima samaki hewa. Nimemlea miaka sita, halafu nimemuua mimi mwenyewe nikiwa nimelala hapa, kwa sababu wewe ulinifunga macho."

Nililia kwa sauti. Hakuninyamazisha. Aliniacha nilie mpaka nikabaki na kwikwi, ndipo akanigeukia, na macho yake pia yalikuwa mekundu.

"Ungeniambia una mechi, ningekuambia punguza chakula, punguza taa, nenda kacheze mwanangu. Tangi linaweza kumvumilia mtoto mvivu wiki mbili tatu. Lakini daftari la uongo, tangi haliwezi kulivumilia. Mtu akikosea na kusema, tunajua pa kuanzia. Akificha, hata anayempenda atamchimbia shimo zaidi bila kujua."

"Nilitaka uendelee kuniita Karani."

"Najua," alisema. Hakuniita hivyo. "Toa kalamu."

Nilidhani angeniambia nizichane zile kurasa. Nilikuwa tayari nimeshika ukurasa wa kwanza.

"Acha!" alisema kwa ukali wake wa zamani. "Kumbukumbu haichanwi. Piga mstari mmoja juu ya uongo, mstari mwembamba, usomeke bado. Pembeni andika kilichotokea. Kisha weka tarehe ya leo na jina lako."

Niliandika wiki zote tano, pale pale, juu ya kitanda cha hospitali. Ile ya Bwana Afya ndiyo iliyonichukua muda. Nilipomaliza, Shangazi alinipa maagizo mapya, akipumzika kila baada ya maneno machache: leo robo ya maji, keshokutwa robo nyingine, taa iwake saa tano tu kwa siku, majani yaliyooza yakatwe, utando utolewe kwa mkono, na samaki waliobaki wasipewe chakula siku mbili.

Baba aliporudi nilimweleza yote mwenyewe. Hakunipiga. Tulipofika nyumbani alikunja mikono ya shati, akatandaza magazeti, akaniambia, "Shika mpira."

Kazi ile ilichukua majuma mengi. Walibaki samaki wanne. Maji yalififia kutoka kijani kizito hadi kijani hafifu cha chai ya mchaichai, kisha siku moja nikaona tena kigogo. Nyuma, kwenye kisiki kilichooza cha mmea wa majani mapana, likachomoza jani moja dogo lililokunjwa. Niliandika hilo, na niliandika pia siku niliyosahau kuzima taa, na siku niliyomwaga maji kwenye zulia.

Tangi lilikuwa linapona. Shangazi hakuwa anapona. Kila Jumamosi miwani ilizidi kuwa kubwa usoni pake, na sasa Baba ndiye aliyemsomea. Jumamosi moja alisoma hivi: "Jumatano. Maji sikubadilisha, tulikuwa na mechi. Nimebadilisha Alhamisi. Jani la tatu limefunguka. Tumefungwa magoli kumi na tisa."

"Kumi na tisa!" Shangazi akacheka mpaka muuguzi akaja kumwinua akae vizuri. Alipopata pumzi, alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Endelea kuandika hivyo hivyo," alisema. "Hata la aibu. Umesikia, Karani?"

"Nimesikia, Shangazi."

Alifariki Jumatatu, mchana, Baba akiwa naye. Mimi nilikuwa darasani, tukifanya hesabu za sehemu.

Tulimzika Jumatano. Nyumba ilijaa watu, na viti vilivyosogezwa viliziba njia ya kwenda kwenye tangi. Walipopungua jioni, nilichukua daftari nikaandika mstari mmoja.

Kesho yake nilimkuta Baba amekaa mbele ya tangi, daftari limefunguka mapajani. Alikuwa amelisoma tangu ukurasa wa kwanza, enzi za jiwe moja na samaki wawili, hadi ule mstari wangu: *Jumatano. Maji sikubadilisha. Leo tumemzika Shangazi.*

"Hukuandika umebadilisha," alisema.

"Sikubadilisha, Baba."

Aliupangusa uso wake kwa kiganja. "Dada yangu alitunza kumbukumbu za watu miaka ishirini na sita. Alikuwa akiniambia, anayesoma karatasi hakuwapo jambo lilipotokea. Hana macho mengine ila uaminifu wa aliyeandika. Ukimdanganya, unamwacha aamue gizani, na atakayeumia ni yule mnayemtunza. Hilo amekufundisha akiwa anaumwa. Usilipoteze."

"Lakini sasa nani atalisoma?"

"Mimi," Baba alisema. "Nitakuwa nalisoma kila Jumamosi."

Alisimama, akatafuta magazeti ya zamani, akayatandaza chini. Nilileta ndoo mbili na mpira. Tulinyamaza wote mpaka maji yakaanza kutiririka.

"Robo tu," Baba alisema.

Tulipomaliza, niliketi karibu na kioo. Samaki wanne walipita kati ya majani mapya, na chini kokoto zilikuwa zimetulia, hazina mkaguzi. Nilifungua ukurasa nikaandika, kwa mwandiko ambao Shangazi angeukubali:

*Alhamisi. Maji robo. Samaki wanne, wazima. Karani analia.*