Profesa Kwenye Kituo cha Treni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Profesa alifagia ua, akawamwagia kuku chakula, kisha akawahesabu kwa sauti, kwa lugha ya nchi jirani. Kuku hawakuwahi kumsahihisha. Jina la Profesa alipachikwa na kaka zake kwa utani, lakini yeye alilipokea kama cheo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na katika lugha hiyo alijua kuhesabu mpaka ishirini, kusalimia na kutaja rangi. Basi.

Bibi yake alipopata nafasi ya kupasuliwa macho katika hospitali ya nchi hiyo, familia ilikaa kuamua nani atamsindikiza. Profesa alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Mama alimuuliza kama kweli anaielewa lugha ya wenyewe.

"Naimwaga kama maji, Mama," alijibu bila kupepesa.

Mpango ulikuwa rahisi. Wangebadilisha treni mara moja tu, katika kituo kikubwa ng'ambo ya mpaka, na mama mdogo anayeishi huko angewapokea mwisho wa safari. Barua ya hospitali ilisema saa tisa alasiri. Atakayekosa siku yake atasubiri miezi minne mingine, na jicho la kulia la Bibi lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho, la kushoto likiwa njiani.

Siku yenyewe walifika katika kituo hicho saa nne asubuhi, wakaketi jukwaa la pili kama tiketi ilivyosema. Treni ilikuwa iondoke saa nne na nusu. Saa nne na nusu ikapita na treni haijaonekana. Kipaza sauti kikakohoa, kikamwaga maneno kwa kasi ya ajabu. Profesa alisikiliza ameinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Hakuambulia hata rangi moja.

"Wanasemaje?" Bibi aliuliza.

Hapo ndipo angesema hajui, mambo yakaisha. Lakini aibu ilimkaba. Akasema wanatakiwa kuhamia jukwaa la sita, kwa kuwa aliona kule kuna benchi tupu.

Wakapanda daraja, ngazi arobaini na mbili kwenda juu na arobaini na mbili kushuka, Profesa na begi, Bibi na kikapu na magoti yake. Kwenye jukwaa la sita ikaja treni iliyobeba saruji. Tangazo la pili likatolewa, na Profesa akatangaza jukwaa la kwanza. Wakapanda tena daraja. Mama mmoja mfagiaji aliwatazama wakipita, akatikisa kichwa, akaendelea na ufagio wake.

Tangazo la tatu lilipotoka, watu wote wa jukwaa la pili waliinuka wakashika mizigo.

"Na sasa?" Bibi aliuliza huku akihema.

"Wanatukumbusha tusitupe takataka."

Treni ikaingia jukwaa la pili, ikawameza wale watu, ikaondoka. Ubavuni ilikuwa na jina la mji wa mama mdogo kwa herufi kubwa. Hilo Profesa aliweza kulisoma. Bibi hakuwa ameona kitu, na alikuwa akisema kwa furaha kwamba afadhali wale wameondoka, wao watapata nafasi ya kukaa. Profesa angeweza kunyamaza. Akatazama yale macho yenye ukungu, akashindwa.

"Bibi, ile ndiyo ilikuwa yetu," alisema huku machozi yakimtoka. "Sijaelewa hata neno moja tangu asubuhi."

Bibi akamgeukia.

"Hata lile la takataka?"

"Hata la takataka."

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika kwa kicheko. Kisha akachukua barua ya hospitali, akaufuata mlio wa ufagio mpaka kwa yule mfagiaji. Akagusa masikio yake, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba haelewi, akaonyesha barua, akaonyesha jicho. Mfagiaji aliegemeza ufagio ukutani, akamshika mkono mpaka ofisini kwa mkuu wa kituo. Mkuu akawachorea saa ya ukutani ikionyesha saa sita, akaandika mbili, namba ya jukwaa, kisha akaipigia simu hospitali kueleza kwamba watachelewa. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kuvuka daraja mara moja.

Hospitalini walifika saa tisa na dakika ishirini. Mama mdogo alikuwa langoni, na muuguzi alikuwa bado anawasubiri. Bibi alipasuliwa wa mwisho siku hiyo.

Kesho yake bendeji ilipoondolewa, Bibi alimkazia macho mjukuu wake.

"Kumbe una masikio makubwa namna hii," alisema, "na hayakusikia kitu."

Daktari akaanza kueleza habari za dawa, haraka haraka. Mama mdogo alikuwa ametoka. Profesa alinyoosha mkono polepole, akatamka neno alilomwomba mama mdogo amfundishe kabla ya mengine yote: sielewi. Daktari akatabasamu, akachora matone mawili na jua la asubuhi, mawili na jua la jioni.

"Ungesema jana, magoti yangu yangepona," Bibi alimwambia. "Kutojua si kosa, mjukuu wangu. Ukisema hujui, watu watakuelekeza. Ukijifanya unajua, watakuacha uzunguke na mizigo yako, na sisi tunaokuamini tutazunguka nawe."

Profesa alichukua begi na kikapu, vyote viwili, akamshika Bibi mkono.