Dalali Aliyepata Themanini na Nane

Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mikono, miguu juu ya kigoda, macho wazi. Kifuani pa gauni lake palikuwa na stika nyekundu ya duara, ndogo kama kifungo cha shati.

"Hii ni nini?" Inspekta aliuliza.

"Labda ya tunda, afande," sajini alijibu. "Matunda ya dukani siku hizi yanabandikwa."

"Tunda gani lisilo na jina la kampuni?"

Sajini akafyata mkia. Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Kituoni walimwita Pilipili, ila si mbele yake.

Daktari wa polisi alifunua kope za marehemu. "Vidoadoa vya damu kwenye weupe wa macho. Midomo imechubuka kwa ndani. Huyu hakufa kwa uzee, amezibwa pumzi kwa kitu laini. Kati ya saa nane na saa kumi mchana."

Mto wa kochi ulikuwa sakafuni. Sajini akautia kwenye mfuko wa vielelezo, na stika kwenye mfuko wake.

Marehemu alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, mkuu wa shule mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mkuu, hata wale ambao hakuwafundisha, maana nao aliwasahihisha vile vile. Nyumba yake ilikuwa na vyumba sita na ngazi kumi na saba, na katika vyumba hivyo sita waliishi watu wawili tu: yeye na binti yake, fundi cherehani, aliyemtunza kwa miaka kumi na moja.

Binti ndiye aliyemkuta. Alikuwa jikoni, amekaa wima, mikono mapajani.

"Nilitoka saa saba na nusu kununua uzi," alisema. "Nimerudi saa kumi na moja. Nilidhani amelala."

"Pole sana, dada. Mama alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Mama? Na kila mtu. Lakini wa kumuua, hapana."

Kwenye mtoto wa meza Inspekta alikuta daftari la mazoezi. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, wino mwekundu, na kilichosahihishwa humo ni madalali wa nyumba.

*Dalali wa kwanza: 31. Amezungumza na kuta, hakuzungumza na mimi. Dalali wa pili: 44. Ameniita bibi mara tisa, jina langu hajauliza. Dalali wa tatu, yule wa wazee: 88. Ameuliza naamka saa ngapi, goti lipi linauma, na kitu gani siwezi kukiacha. Amepungukiwa kwa sababu anaongea taratibu mno, kana kwamba mimi ni kiziwi.*

Inspekta alicheka peke yake, kisha akaona aibu kucheka karibu na maiti.

"Ulijua mama anauza nyumba?" alimuuliza binti.

"Anauza nini?" Binti aliinua uso. "Sijui kitu. Ndiyo kwanza nasikia kwako."

Mwana wa kiume, muuza matairi, alifika akihema. Alipoonyeshwa daftari, mishipa ya shingo ikamsimama. "Mkamateni huyo dalali! Hao ndio kazi yao, kunyemelea wazee. Kampaka mama mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Wewe ulikuwa wapi saa nane, kaka?"

"Dukani! Ulizeni vijana wangu wote!"

Waliulizwa. Alikuwa dukani, na walisema alikuwa akiwafokea tangu asubuhi.

Kesho yake Inspekta alikwenda kwa dalali wa wazee. Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Viti vyake vilikuwa virefu vyenye mikono imara, karatasi zake za herufi kubwa, na choo kilikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Magoti ya Inspekta yaliipenda ofisi ile kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Ofisi ya ardhi na mzee mmoja. Tulikaa mpaka saa kumi na nusu. Karani atakwambia, tulimchosha."

Inspekta akaweka mfuko wa kielelezo mezani. "Hii unaijua?"

Dalali akauinua mfuko kwenye mwanga. "Ni yangu. Mzee akihama kutoka nyumba kubwa kwenda ndogo, tunapita naye kitu kwa kitu. Kijani kinahama naye, nyekundu kinauzwa. Nabandika kwa chini, chini ya viti, chini ya vitanda."

"Kwa nini chini?"

"Watoto wasione. Hawaambiwi mpaka mkataba utiwe sahihi, hiyo ndiyo kanuni yangu kwa miaka kumi na minne. Wakijua mapema, nyumba inageuka uwanja wa vita. Mmoja alimficha baba yake miwani asiweze kusoma. Mwalimu Mkuu kila nikija alimtuma binti yake mbali. Leo ndiyo tulikuwa tutie sahihi."

"Hii ilibandikwa wapi?"

Dalali alifungua orodha yake. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama. "Nyekundu zilikuwa tisa tu. Makabati manne, meza kubwa, viti vitatu. Na kitanda cha binti."

"Kitanda cha binti kinauzwa? Binti alale wapi?"

"Kile cha mbao, cha zamani? Hakipiti kwenye mlango wa chumba chake kipya. Nilipima mwenyewe." Dalali akatoa mchoro wa nyumba. "Vyumba viwili, hakuna ngazi. Cha mama na cha binti. Mwalimu alisema atamnunulia kitanda kingine, amshtukize nacho."

Inspekta aliuangalia mchoro, kisha akaukunja na kuutia mfukoni.

"Ungemwambia binti," alisema.

"Afande, kanuni yangu imewaokoa wazee wengi."

"Sikatai. Huyu haikumwokoa."

Alasiri ile walikigeuza kitanda cha binti. Chini ya ubao wa kichwani palikuwa na duara dogo la gundi mbichi, na vumbi la pembeni lilikuwa limefutwa. Zile stika nyingine nane zilikuwa mahali pake. Maabara ikaleta jibu: kwenye stika ya kifuani kulikuwa na alama safi ya dole gumba. Halikuwa la dalali wala la marehemu.

Chumbani mwa mahojiano, Inspekta alimkumbusha binti haki yake ya kukaa kimya. Binti akasema ameshakaa kimya vya kutosha maishani.

"Uzi ulinunua duka gani?"

"Pale kona."

"Pale kona walifunga siku ile. Wana msiba."

Binti akaanza kuvuta uzi kwenye pindo la gauni lake.

"Dole gumba lako limekutwa kwenye stika, dada. Uliikuta ukifagia, siyo?"

"Nilikuwa nadeki." Sauti ilitoka ndogo. "Nililala chali nifute chini ya kitanda, nikaiona. Nikatazama viti, makabati, kila mahali. Daftari lake la madalali nilikuwa nimeshalisoma. Kitanda chake kijani, kiti chake kijani, hata sufuria lake la kuchemshia maji. Mimi nyekundu."

"Ukamwendea."

"Nikambandika kifuani. Nikamwambia, jiuze na wewe. Unajua alijibu nini? Alisema, 'Utaambiwa ukifika wakati wa kuambiwa.' Kama mwanafunzi! Nina miaka arobaini na sita. Nilifunga kibanda changu cha ushonaji nikaja kumwogesha. Mwanamume aliyetaka kunioa alisubiri miaka mitatu akachoka. Halafu natupwa pamoja na makabati, na hata kuambiwa sistahili. Mto ulikuwa mkononi. Nilitaka anyamaze tu. Anyamaze, basi."

Sajini aliandika mpaka nukta ya mwisho.

Kazi ya Inspekta ilikuwa imekwisha, na angeweza kunyanyuka. Lakini aliona kumficha tena mwanamke huyu ni ukatili uleule, akaukunjua mchoro mezani.

"Hii ndiyo nyumba mliyokuwa mnahamia. Chumba hiki ni chake. Hiki ni chako. Kitanda chako hakikupita mlangoni, basi. Alitaka kukununulia kipya."

Binti aliuinamia mchoro. Machozi yakadondoka juu ya karatasi, na Inspekta akajuta kumwonyesha. Kisha kidole chenye sugu ya sindano kikapita kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

"Milango inatazamana," alisema.

"Ndiyo."

"Ili nimsikie akiita."

Inspekta alikifuata kidole kile kwa macho.

"Angeishi miaka kumi mingine, yule. Alikuwa na moyo wa chuma." Binti alijifuta uso kwa kiganja. "Na hapo pia hakuniuliza."

Akausukuma mchoro kando, akavuta maelezo yake karibu.

"Nitie sahihi wapi?"