Kanga za Daktari Samia

Wiki hiyo zamu ya kufagia varanda ya ofisi ya walimu ilikuwa ya darasa la sita. Ashatu alifagia harakaharaka, vumbi huku, macho kule kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu Medard alikuwa ametangaza kwamba kwenye mahafali ya darasa la saba, wanafunzi wawili, Ashatu na mwenzake Linda, watasoma habari za vijana waliopita shule yao ya Mlingotini na sasa wanakwenda vyuoni. Habari hizo zilibandikwa kwanza ubaoni, na Linda alikwisha bandika yake. Kaka yake Clever alikuwa anakwenda kusomea uhandisi, na tangu hapo Linda hakuwa na neno jingine mdomoni.

"Kaka yangu injinia," alisema, akiegemea ufagio badala ya kufagia. "Na wa kwako je?"

"Wewe subiri tu," Ashatu akajibu. "Wa kwangu ni dada Samia."

Linda akarudi kufagia. Nani Mlingotini asiyemjua Samia, aliyepata daraja la kwanza kidato cha sita?

Jioni maji yalipokupwa, Ashatu alimfuata Samia huko alikokuwa, kwenye shamba la mwani la mama yake. Alimkuta ameinama, maji magotini, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, dada Samia."

"Marahaba, mdogo wangu. Nani kakutuma huku?"

Ashatu akaeleza. Samia akafurahi, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nimechaguliwa chuo kikuu. Nakwenda kusomea viumbe wa baharini, hasa huu mwani." Akainua kamba moja iliyojaa mwani uliopauka. "Unauona? Maji yakipata moto unaugua, unakatikakatika, mama na wenzake wanarudi mikono mitupu. Nataka nijue unaugua nini na tufanyeje."

Ashatu aliaga, lakini moyo ulikuwa umempoa. Mwani! Mwani huu huu ambao hata mama yake Ashatu, aliyeishia darasa la nne, anaulima? Ndio mtu aende nao chuo kikuu? Linda angecheka mpaka atokwe na machozi. Alipofika nyumbani akachukua kalamu, akajiambia kuwa akipamba kidogo hakuna atakayeumia, akaandika kwamba Samia anakwenda kusomea udaktari. Kesho yake akabandika. Linda alisoma, akaenda zake.

Haya, sasa tazama neno linavyotembea. Watoto walilipeleka nyumbani, na haikupita siku kila mlango ulikuwa unamzungumzia daktari. Akina mama wa kikundi cha mwani walichanga wakanunua kanga za sare, ili siku ya mahafali waje kumtuza daktari wao. Mwishehe, jirani wa nyumba ya tatu, akambeba mwanawe mwenye jipu mpaka kwa kina Samia. Ashatu aliyasikia yote hayo, na kila aliposikia alibadili njia.

Siku moja kabla ya mahafali, Samia alimsubiri nje ya lango la shule. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimtisha Ashatu zaidi.

"Ashatu, mimi nilikwambia udaktari?"

"Hapana, dada." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona mwani... niliona watu watacheka."

Samia alishusha pumzi. "Unajua, nilipomwambia mama nakwenda kusomea mwani, alinuna siku nyingi. Alisema hakunisomesha ili nirudi palepale majini. Nikambembeleza mpaka akakubali. Sasa amesikia habari yako, anadhani nimebadili mawazo. Anaimba akipika, Ashatu! Sijamwona hivyo tangu baba afariki. Nimwambie nini?"

Ashatu akaanza kulia. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini kumvunja moyo mama mara ya pili, mimi siwezi. Wewe ndiye uliyeandika, na kesho wewe ndiye utakayesoma."

Siku ya mahafali uwanja ulijaa. Akina mama walikaa safu moja, wote kanga za njano, na katikati yao Bi Tabia, mama yake Samia, ameshika doti mpya ya kanga mapajani. Linda alisoma habari za Clever, akapigiwa makofi. Kisha Mwalimu Medard akamwita Ashatu.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akina mama walikwisha anza vigelegele. Akamwona Samia amekaa pembeni, ameinamisha kichwa, kama yeye ndiye mwenye kosa. Hapo Ashatu akakunja karatasi.

"Nilichobandika si kweli," alisema. "Dada Samia haendi kusomea udaktari. Anakwenda chuo kikuu kusomea mwani. Aliniambia mwenyewe, mimi nikaona aibu, nikabadilisha. Yeye hajadanganya mtu. Mwongo ni mimi."

Vigelegele vikakatika. Mtu mmoja akaguna, wengine wakatazamana. Bi Tabia alisimama polepole, doti mkononi, na uwanja mzima ukamtazama yeye.

"Mwanangu ana daraja la kwanza," alisema. "Kwa nini mwani?"

Ashatu alikuwa bado ameshika kipaza sauti. "Kwa sababu unaugua, mama. Mnarudi mikono mitupu. Anataka ajue unaugua nini."

Bi Tabia aliwageukia wenzake. Mwaka huo kila mmoja wao alikuwa amevuta kamba tupu majini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Akavuka uwanja mpaka alipokaa Samia, akamfunika doti mabegani, akamkumbatia huku analia. "Mbona hukuniambia hivyo, mama?"

"Nilikwambia," Samia akajibu, naye analia. "Ulikuwa umenuna."

Kicheko kikalipuka, vigelegele vikarudi mara mbili ya mwanzo.

"Na jipu la mwanangu?" Mwishehe akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mpeleke zahanati!" akina mama wakamjibu kwa pamoja.

Watu walipotawanyika, Mwalimu Medard alimwita Ashatu varandani.

"Kusema ukweli mbele ya kijiji kizima si jambo dogo, na kwa hilo nakupongeza," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ulidhani unamsifu Samia. Mtu akichagua njia yake kwa akili zake, wewe ukaibadilisha ili ipendeze, hujamsifu. Umemwambia kwamba alichochagua hakifai. Ukitaka kumsifu mtu, sema alichofanya, kama kilivyo. Sasa kaandike upya."

Jumatatu Ashatu alibandika karatasi mpya, neno "mwani" kwa herufi kubwa. Linda alikuja na ufagio wake, akaisoma mpaka mwisho, wala hakucheka.

"Hivi mwani nao huugua?" aliuliza.

"Maji yakipwa twende," Ashatu akamwambia, "nikakuonyeshe."