Tangi la Chini

Duka la vifaa vya ujenzi siku ya Jumamosi asubuhi halina adabu. Kila mtu anamwita muuzaji, kila mtu ana haraka, na kila mtu anaapa kwamba yeye ndiye aliyefika kwanza. Katikati ya vurugu hiyo alisimama bwana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, mkono mmoja una gundi ya silikoni na mwingine karatasi yenye mchoro.

"Kaka, naomba na bomba la inchi moja," alimwambia muuzaji. "Nataka maji yatoke kwenye tangi la samaki, yashuke mpaka kabatini, yachujwe, halafu yapande tena juu."

"Sasa yanashuka ya nini kama yatapanda tena?" muuzaji akauliza. Foleni nzima ikacheka.

"Hiyo silikoni irudishe," sauti ya kike ikasema nyuma yake. "Ni ya bafuni, ina dawa ya kuua ukungu. Ukiunganishia tangi, samaki wako waage kabisa."

Bwana akageuka. Mwenye sauti alivaa ovaroli la buluu lililokunjwa mikono, kitambaa cha waridi kichwani, penseli juu ya sikio. Vidole vyake vilikuwa na vikovu vidogo vidogo vya mtu anayeshinda na vioo. Alikuwa mzuri, alijua kwamba ni mzuri, na hakuwa na muda wa kulijadili.

"Samahani dada, wewe ni nani?"

"Fundi vioo. Na wewe?"

"Daktari wa meno."

"Ndiyo maana umeshika gundi kama unataka kumziba mtu jino."

Akamnyang'anya karatasi bila hata kuomba. Tangi lenyewe lilikuwa kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki yake: samaki wa maji chumvi, matumbawe, mawe. Watoto wakiliangalia husahau kulia. Lakini siku hizi maji yalikuwa yamechafuka na samaki walijificha. Basi Dokta alitaka kujitengenezea tangi la pili la kukaa chini yake, lenye vyumba vitatu. Cha kwanza kunasa uchafu. Cha pili kuoteshea mwani unaokula sumu iliyo majini, na humo vijidudu vinavyoliwa na samaki vizaliane kwa raha zao. Cha tatu ni cha pampu.

"Wazo zuri," Fundi alisema. "Ila umesahau umeme."

"Umeme umefanyaje?"

"Ukikatika, pampu inasimama, na maji yaliyobaki juu yanashuka huku. Hili lako kwenye mchoro umelijaza mpaka mdomoni. Yataenda wapi? Kwenye viatu vya wagonjwa!"

Dokta alicheka mpaka akaegemea kaunta. Hapo hapo akapenda. Msiniulize mtu anapendaje kwa sababu ya kiwango cha maji. Mimi kazi yangu ni kusimulia.

Wakapeana namba, eti kwa ajili ya vipimo. Vipimo gani vile vya kupigiana simu asubuhi, mchana na jioni?

"Fundi wangu, umeamka?"

"Zamani. Nimeshakata vioo vinne. Wewe?"

"Nimeng'oa magego mawili."

"Masikini! Ya nani?"

"Si yangu, usiwe na wasiwasi. Bado nina meno yote ya kukuchekea."

"Dokta, kata simu nifanye kazi. Au ngoja kwanza, niambie umekula?"

Fundi alilelewa na Mjomba wake, mwenye karakana ya vioo. Magoti ya Mjomba yalikuwa yamechoka, na alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba mwisho wa mwezi anastaafu na karakana anamwachia mpwa wake. Kwa miaka minane Fundi alikuwa ameitaka karakana ile, akafagia vigae vyake na kuvumilia wateja waliomuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Tangi la Dokta lilikuwa kazi ya kwanza kuipokea kwa jina lake mwenyewe.

Jumapili walikaa sakafuni kwenye stoo ya kliniki, mchana kutwa. Fundi alifuta kingo za vioo kwa spiriti, akapaka gundi kwa mkono mmoja bila kutetemeka, akasimamisha vizuio vya ndani vya kugawa vyumba kimoja kimoja. Dokta alishikilia pale alipoambiwa ashikilie. Ilipofika zamu ya kizuio cha mwisho, vichwa vyao vilikuwa karibu mno, na hakuna aliyesogea.

"Usinibusu, gundi itaharibika," Fundi alinong'ona.

"Na ikishanyooka?"

"Ikishanyooka, ni wewe tu."

Ikanyooka. Akambusu. Tusikae hapo sana.

Akiwa anaondoka, Fundi alimwonyesha kidole. "Siku saba. Juu itaonekana imekauka, lakini ndani bado. Usilisogeze, usilitie hata tone. Umenisikia, mpenzi?"

"Nimesikia."

Alisikia kweli, tatizo ni furaha. Jumatano saa ya chakula cha mchana Dokta aligusa gundi, akaona kavu. Akawaza: leo akipita akute maji yanazunguka, si atafurahi! Akaliburuta tangi mpaka kabatini na kumimina ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nane, kona ya chini ikaachia. Maji yakatoka mbio chini ya mlango, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri kuzibwa jino akapanda juu ya kiti na mkoba wake.

Dada wa mapokezi, mwepesi kama kawaida yake, alishapiga simu karakana kabla Dokta hajafungua mdomo. "Tangi lenu limevuja, huku tunaogelea!" Aliyepokea alikuwa Mjomba.

Fundi alifika anahema, kitambaa kimelegea. Akaangalia sakafu, machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe, Dokta. Ni mkono wangu. Sijui nilikosea wapi."

Hapo ndipo pa kusema. Bwana anayewaambia watu "fungua mdomo" kutwa nzima, wake ukagoma. Aliona aibu, akaogopa kuonekana mjinga, na yale maneno yakakwama. Akasema tu, "Haidhuru." Haidhuru! Mimi ningekuwepo ningemfinya.

Kesho yake Fundi alilirudisha tangi karakana, akaliweka juu ya meza ya kazi na kupasua kiungo kwa wembe. Ndani gundi ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa, na harufu ya siki ikamjaa puani. Gundi iliyoiva hainuki siki. Fundi akaketi. Hii haikukaa hata siku nne, na yeye ndiye aliyeomba msamaha!

"Umeona kosa?" Mjomba aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado natazama."

"Basi ile habari ya mwisho wa mwezi tuiache kwanza. Watu wameshasikia. Mwakani tutaona."

Angeweza kumwambia Mjomba pale pale, akamwonyesha kiungo, mambo yakaisha. Lakini alitaka kujua jambo moja: huyu mwanamume akikosea, husema? Hata karakana aliiweka rehani kwa jibu hilo, na ilimuuma.

Simu ziliendelea, ila zilikuwa na kilema.

"Fundi wangu, hujambo?"

"Sijambo. Una la kuniambia?"

"Mimi? Aa, nilitaka kujua umelalaje."

"Nimelala. Kingine?"

"Leo kuna joto, eh?"

"Lipo. Kwaheri, Dokta."

Siku ya nne akaacha kupokea. Dokta alikonda. Aliwaangalia samaki wake, nao walimwangalia. Dada wa mapokezi ndiye aliyemwambia, kwamba kule karakana wanasema binti amenyimwa urithi wa kazi kwa sababu ya tangi lililovuja. Dokta alivua glavu na kumwomba mgonjwa radhi. Akatoka na koti lake jeupe hivyo hivyo.

Karakana ilikuwa imejaa wateja. Fundi alikuwa anakata kioo na hakuinua uso.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja kudai?"

"Nimekuja kusema." Akapandisha sauti ili kila mtu asikie. "Tangi halikuvuja kwa kosa lake. Aliniambia siku saba, mimi nikalijaza siku ya tatu. Akaniomba msamaha kwa kosa langu, na mimi nikanyamaza. Kazi yake ilikuwa safi. Mwongo ni mimi."

Mashine ya kusaga kingo ilizimwa.

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?" Mjomba aliuliza.

"Nilikuwa naogopa."

"Unamwogopa nani?"

"Yeye."

Mjomba akamtazama mpwa wake, akatikisa kichwa. "Hilo nakuelewa. Hata mimi namwogopa." Wateja wakaangua kicheko. Mzee akavua shada la funguo kiunoni, akaliweka mezani mbele ya Fundi, akaomba kiti.

Fundi alimvuta Dokta nyuma ya rafu za vioo. "Nilijua tangu siku ya pili. Gundi ilinuka."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ningepata karakana tu, si wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Siku kumi, Dokta! Ulinichosha."

"Nisamehe, mama. Sirudii."

"Ukirudia nakukata vipande vya milimita sita."

Tangi jipya lilingojewa siku saba kamili, na moja ya adabu. Asubuhi waliyoliwasha, maji yalishuka bombani, yakaruka kizuio, yakapita kwenye mwani wa kijani uliokuwa ukipepea taratibu chini ya taa yake, yakafika kwa pampu na kupanda juu. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wakatoka mafichoni kuangalia kulikoni. Fundi akazima umeme kwa makusudi. Maji yakashuka, yakapanda ndani ya tangi la chini, yakasimama vidole vitatu kabla ya mdomo. Wote wawili wakapumua.

"Fundi."

"Nini?"

"Kuna jambo jingine sijakuambia."

Fundi akaweka mkono kiunoni. "Umemwaga nini tena?"

"Nataka kukuoa."

Akamchunguza kama anayetafuta ufa. "Na hilo umekaa nalo siku ngapi?"

"Tangu pale dukani."

"Dokta!" Akampiga kofi la bega, halafu akamshika shati hapo hapo asiende popote. "Sasa mimi nimeshasikia, na nimekubali. Toka hivi sasa ukamwambie Mjomba, na usianze na habari za joto."