Hodi ya Mezani

Haya alinieleza rafiki yangu Abdulwahab, fundi rangi wa Ukunda, nami sitii chumvi.

Mzungu mmoja wa Diani alimpa kazi ya kuunganisha na kupaka rangi vigari vya kuvutwa na farasi, vya plastiki, vinavyoenea kiganjani, vya kuchezea mchezo wa mezani. Alasiri moja alikuwa amekimaliza kimoja, pamoja na farasi wake. Alikiweka mwisho wa meza kikauke, mlango wake ameugandisha kwa gundi. Madirisha ya mbao aliyafunga ili vumbi lisishike rangi. Alikuwa amebana gurudumu la kigari cha pili kwa mikono miwili, akingoja gundi ishike, mara stima ikapotea.

Gizani akasikia kwato. Zilikuwa ndogo, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Zilikuja polepole, magurudumu yakizifuata yakikwaruza mbao za meza, zikasimama karibu na kiwiko chake. Hakuthubutu kuachia gurudumu.

"Hodi," ikasema sauti.

"Karibu," akajibu, kwa mazoea tu, kama anavyojibu kila siku.

Stima iliporudi, kile kigari alichokimaliza kilikuwa kando ya kiwiko chake. Mlango wake ulikuwa wazi, na ndani hamna mtu.

Nilimshauri amwambie mgeni huyo aondoke.

"Nimemkaribisha mwenyewe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sasa nitamtoa vipi, na simwoni?"