Hewa kwenye Injini ya Mama Jeannine

Katika mtaa mzima wa Doornfontein hakuna anayeijua injini ya boti kunishinda mimi, Murielle, isipokuwa baba, na yeye ni kwa sababu alianza mapema. Ndivyo nilivyojisifu Jumamosi moja asubuhi nikifagia gereji yetu. Baba akacheka, akanipa mtihani: nibadilishe maji ya kupozea injini ya boti ya Mama Jeannine. Nikifaulu, nitaruhusiwa kushika injini bila kusimamiwa.

Alinielekeza vizuri. Nifungue skrubu ya kutolea hewa, nijaze polepole hadi mapovu yaishe, maana hewa ikibaki ndani injini huchemka. Lakini mimi na polepole hatuelewani. Nilimimina yote kwa mkupuo, nikafunga kifuniko, skrubu sikuigusa.

"Baba hatajua," nilimwambia kwa Kiswahili Damien, mtoto wa Mama Jeannine, aliyeketi juu ya tairi. Sikuwa na wasiwasi naye. Amezaliwa hapa hapa mjini, mtaa wa Berea, na sikuwahi kumsikia akisema ila Kizulu na Kiingereza.

Tukawasha injini. Dakika kumi tu, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu, baba akaizima haraka. Mama Jeannine, aliyekuja kuchukua boti yake, alianza kuizunguka, jicho kwenye simu. Kwaya ya kanisa ilikuwa ikimsubiri kwenye bwawa la Vaal. Baba akaniuliza kama nilitoa hewa.

"Nilitoa, baba. Labda themostati imekufa."

Akaniamini. Yeye na Mama Jeannine wakaenda kwenye maduka ya Fordsburg kutafuta nyingine, kile kidude kinachopitisha maji ya kupozea injini ikipata joto.

Injini ya moto haifunguliwi. Hilo hata mimi silifanyii mzaha. Niliigusa, nikapuliza vidole, nikachungulia barabarani, nikaigusa tena. Ilipopoa nilifungua skrubu, hewa ikatoka ikikoroma. Nikajaza hadi mapovu yakaisha, nikawasha. Mshale ukatulia katikati.

Baba aliporudi na themostati mkononi, nilimwambia injini imepona yenyewe, pengine iliniogopa.

Damien akashuka kwenye tairi. "Dada Murielle hakufungua skrubu ya hewa," alisema, kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Alisema baba hatajua."

Baba aliiweka themostati chini. "Ungesema kweli, tungemaliza asubuhi. Kosa limeufundisha mkono wangu mara nyingi. Lakini kosa lililofichwa lingewazimishia watu injini katikati ya bwawa." Akampa Damien kitambaa cha kufutia mafuta. "Kuanzia leo, wewe ndiye unayemsimamia."