Kibao cha Kando ya Ziwa

Safari ilianza kwenda mrama pale walipouacha msitu wa misonobari, ingawa wakati ule Odile aliona ndiyo kwanza inanoga. Tangu asubuhi walikuwa wakipanda na kushuka vilima vya Morvan chini ya manyunyu, mteremko ukiisha mwinuko mwingine unaanza. Sasa njia iliteremka taratibu, na magurudumu yaliteleza bila kelele kwenye lami kuukuu. Ukungu ulikuwa umemeza kila kitu. Mbele yake Odile aliona kile alichokiona kwa miaka thelathini ya ndoa na ya safari, yaani mgongo wa mumewe.

Baiskeli yao ilikuwa ya viti viwili. Aubin alikaa mbele, akashika usukani na breki. Odile alikaa nyuma akachangia miguu. Katika chama chao cha waendesha baiskeli kule Nevers, wa mbele huitwa nahodha, na sheria haina mjadala: nahodha anaamua, wa nyuma anakanyaga. Wajibu wa nahodha ni kutangaza kila kinachokuja. Shimo. Kona. Gia. Breki. Odile alikuwa amezunguka nusu ya Ufaransa kwa maneno hayo, na hakulalamika, kwa sababu wa nyuma haoni mbele lakini ana nafasi ya kutazama kando. Asubuhi hiyo ni yeye aliyeliona bomba la maji kwenye lango la makaburi ya Vaucreuse. Walijaza chupa zao pale, kama afanyavyo kila mwendesha baiskeli wa nchi hii, na Aubin akavua kofia kuwashukuru wenyeji waliolala.

Na ni yeye aliyekiona kibao. Kilipigiliwa kwenye mwaloni upande wa kulia, chekundu, karibu na kizuizi ambacho mtu alikuwa amekisukuma pembeni. Walikipita kasi, akawahi kusoma maneno machache tu: maji yanarudi, usipite.

Alijua mara moja walikokuwa wakielekea. Ziwa lililokuwa chini ya mteremko ule lilikuwa limekaushwa tangu kiangazi ili kuta za bwawa zikaguliwe, na barabara ya zamani, ile iliyozama kabla Aubin hajazaliwa, ilikuwa imejitokeza tena katikati ya tope. Wakati wa chakula cha mchana, juu ya mkate na soseji, Aubin alisema anatamani kuipita, kwa kuwa bibi yake alikuwa akiipita kwenda sokoni. Odile alimwambia huo ni upuuzi wa mzee asiyetaka kuzeeka. Basi alipokiona kibao, alidhani mumewe amekiona pia na ameamua kumwonyesha nani nahodha. Akafunga mdomo. Alikuwa amenuna, tuseme ukweli.

Daraja la barabara hiyo ya zamani lilikuwa limebomoka upande mmoja. Aubin hakutangaza chochote. Gurudumu la mbele lilidumbukia kwenye pengo, Odile akarushwa juu ya mawe, mkono wake wa kushoto ukalia kama kijiti kikavu. Alipoinua kichwa, baiskeli ilikuwa imelala kando yake na mumewe hayupo.

Alikuwa chini ya tuta la barabara, amesimama kwenye tope la kijivu lililomfika mapajani, anapapasa mbele kama mtu aliyeamshwa ghafla. Akajaribu kuchomoa mguu wa kulia. Wa kushoto ukazama zaidi.

"Usitingishike," Odile alisema. "Aubin, usitingishike hata kidogo."

Simu haikuwa na mtandao. Aliita msaada mpaka sauti ikakauka, na ukungu haukumrudishia hata mbwa wa wawindaji. Kisha akasikia mchuruziko mwembamba kutoka upande wa bwawa. Maji yalikuwa yanakuja juu ya tope, membamba kama maji ya kudekia sakafu, lakini yanakuja.

Aubin naye aliyasikia. Akamwambia apande kwenye msitu, afuate lami, atafute nyumba. Odile aliitazama njia waliyotokea. Hawakuwa wamepita nyumba tangu walipomaliza kula, na giza lilikuwa linaingia. Akienda, akirudi atakuta maji matupu. Akakaa chini kwanza, afikiri, maana hofu ilikuwa inataka kumkimbiza popote.

Aliondoa mikoba yote kwenye baiskeli kwa mkono mmoja. Akaisukuma baiskeli juu ya tope, imelala ubavu, ndefu kama ngazi, mpaka kiti cha nyuma kikamfikia Aubin kiunoni. Akatandaza hema lao la safari juu yake, akalala kifudifudi na kujivuta. Vyuma vilizama kidogo, vikashika. Alimfikia mumewe, akamwambia alaze kifua juu ya kiti, uzito wote, aache miguu ielee.

"Miguu haielei, mke wangu. Imejengewa saruji."

Odile alichimba kwa kiganja kando ya paja lake. Tope lilirudi pale pale, zito kama ugali. Alichimba tena na tena, na kila alichotoa kilirudi. Hapo maji ya kwanza yakawafikia. Yalizunguka mkono wake, na pale yalipopita tope lililegea, likawa uji. Odile aliliona hilo. Kile walichokuwa wakikikimbia ndicho kingemwachia Aubin miguu, endapo wangekuwa na subira ya kukingoja na endapo baridi isingewawahi.

"Tutangoja maji," alisema.

"Umerukwa na akili."

"Leo mimi ndiye nahodha. Wewe kanyaga tu. Mguu wa kulia, kidogo kidogo, kama gia ya mlimani. Ruhusu maji yaingie."

Wakangoja. Ni jambo gumu kulala juu ya baiskeli katikati ya ziwa, kuyatazama maji yakipanda kwenye kiuno cha mtu wako, na kuyaombea yapande. Midomo ya Aubin iligeuka rangi. Ili asisinzie, Odile akamgombeza. Alimuuliza kwa nini amekuwa mkaidi kiasi hiki, kwa nini akipite kibao kikubwa vile kama hakikuwapo.

"Kibao gani?" Aubin akauliza.

"Kile chekundu. Kwenye mti, kulia kwetu."

Maji yalipita kati yao.

"Sikukiona," akasema hatimaye. "Sioni kando, Odile. Tangu masika. Daktari anasema ni presha ya macho. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilidhani hii ni njia ya msituni, ile ya kwenda kwenye nyumba ya wageni. Nilipotea, basi."

Odile alikumbuka vikombe vilivyoangushwa mezani tangu masika, na jinsi alivyokuwa akimcheka. Akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ningeshushwa kwenye baiskeli. Na wewe je? Uliona kibao ukanyamaza?"

"Nilinuna."

Alitaka kulia, na alilia kidogo, akafutia machozi kwenye tope. Mmoja alikuwa na mbele, mwingine alikuwa na kando. Wawili hao wangetosha kabisa kuwa mtu mmoja mwenye macho mazima, kama mmoja wao tu angefungua mdomo.

"Kulia tena," alisema. "Zungusha kifundo. Pumzika. Kushoto."

Mguu wa kulia ulitoka bila kiatu, kwa mfyonzo mkubwa. Wa kushoto ulikawia mpaka maji yakamfika Aubin mbavuni, na alipouchomoa alikuwa hana nguvu tena hata ya kufurahi. Odile alimshika ukosi kwa mkono mzima, akajivuta kinyumenyume juu ya vyuma, mumewe akitambaa kumfuata, mpaka mawe ya barabara yakamchubua magoti. Hakuwahi kuyapenda mawe kama siku ile.

Hawakuweza kuivuta baiskeli. Usukani tu ndio uliobaki juu ya maji.

Akamvika nguo kavu zilizokuwa kwenye mikoba, akafunga soksi mbili kwenye mguu usio na kiatu. Kisha akampa ncha ya mkanda wa mkoba ashike, naye akatangulia.

"Jiwe," alisema. "Shimo kushoto. Mlima unaanza, fupisha hatua."

Aubin alifuata. Mara mbili aliomba akae tu kidogo, mara mbili Odile akamkatalia. Walipofika kwenye mwaloni, alimshika mkono akamgusisha kibao. Aubin akakipapasa herufi moja moja.

Mbele kidogo walisikia mbwa akibweka, wakaufuata mbweko mpaka kwenye nyumba, na aliyefungua mlango ni Mélina Bazot, mfugaji, mwanamke mpana mwenye mabuti ya mpira. Akawaangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, akauliza wametoka wapi.

"Ziwani," alisema Odile.

"Wenzenu huku huvua samaki wakiwa ukingoni," Mélina alisema, akasogeza viti karibu na jiko.

Akawapa supu ya viazi, akamfunga Odile mkono kwa kitambaa cha jikoni mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Asubuhi yake alipeleka trekta kuitafuta baiskeli. Aliwaambia kwa simu kwamba ziwa lilikuwa limetulia, bata wamesharudi.

Masika iliyofuata walinunua baiskeli nyingine ya viti viwili, iliyokwisha tumika, wakabadilisha urefu wa viti. Odile aliuogopa usukani kwa wiki nzima. Chamani walitaniwa sana. Mwezi wa tano walipanda tena vilima vile vile, na mchana mmoja wenye jua wakapita juu ya ukingo wa ziwa.

Nyuma yake Aubin alikuwa akikanyaga vizuri, bila papara.

"Kuna nini sasa?" aliuliza.

"Maji. Mengi, ya buluu. Wavuvi wawili. Barabara haionekani kabisa."

"Na kando?"

Odile aliupunguza mwendo, akageuza kichwa kulia kwenye ule mwaloni, akamsomea kibao chote, mstari kwa mstari.